Kosa Moja Haliachi Mke

Ndugu msikilizaji, yako maneno mawili ambayo siku hizi husikika katika kila ofisi yenye dirisha na foleni, hapa Songea na kwingineko nchini. La kwanza ni "haisomi." La pili ni "mfumo uko chini." Mzee ametoka kijijini alfajiri, ameshuka stendi, amefika dirishani na bahasha yake ya karatasi chini ya kwapa. Kijana wa dirishani ana adabu, anamwamkia: "Shikamoo mzee. Jina lako halisomi." "Marahaba. Halisomi vipi, mwanangu, na mimi mwenyewe nipo hapa?" "Kompyuta inakataa, mzee. Uje Jumatatu." Mzee anaikunja bahasha yake na kurudi alikotoka. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na hakuna aliyekosa. Eti kompyuta ndiyo iliyokataa.

Leo ningependa tulitazame neno hilo, "kompyuta inakataa", kwa sababu lina historia. Historia hiyo ni ya nchi yetu wenyewe, na wengi wetu ama tumeisahau ama hatukuwahi kuambiwa. Ni habari ya jinsi Tanzania ilivyokosea na kompyuta mara ya kwanza, jinsi ilivyojibu kosa lile, na gharama ya jibu lenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza. Asifikirie mtu kwamba ilikuwa kama hizi tunazoziona leo mezani, zenye kioo na kibodi. Kompyuta za enzi hizo zilikuwa makabati yaliyojaa chumba kizima, nazo zililishwa habari kwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Karani alijaza fomu kwa kalamu, mwenzake akaisoma fomu ile na kutoboa kadi, na kadi zikapelekwa kwenye mashine. Tundu moja likikaa mahali si pake, mshahara wa mtu hubadilika. Fomu ikiandikwa vibaya, kadi nayo hutobolewa vibaya, na mashine humeza yote bila kuuliza.

Nia ya kuileta ilikuwa njema. Nchi ilikuwa changa, wahasibu walikuwa wachache, na hesabu za Serikali zilikuwa zikiongezeka kila mwaka. Ilitarajiwa kwamba mashine ingetoa hesabu upesi na kwa usahihi. Hadi kufika mwaka 1974 kompyuta nchini zilikuwa zinahesabika kwa vidole, nyingi zikiwa katika ofisi za Serikali na mashirika ya umma.

Lakini mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikwenda mrama. Wataalamu wa kuziandalia mashine hizo programu walikuwa haba, na wengi wao wageni ambao mkataba ukiisha huondoka na ujuzi wao. Mashine na vipuri vyake vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Hesabu zilizotegemewa kutoka upesi zilichelewa, na zilizotoka hazikuweza kuaminiwa.

Basi mwaka 1974 Serikali ikatoa tangazo la kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni nazo zikakatazwa. Aliyetaka kuleta kompyuta ilimpasa kuomba kibali maalumu, na kibali hakikuwa jambo la kupatikana kwa urahisi.

Ndugu msikilizaji, tusiwahukumu wazee wetu kwa pupa. Mwaka 1974 haukuwa mwaka wa kawaida. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla tangu mwishoni mwa mwaka 1973, ukame ulikuwa umepunguza chakula, na nchi ilihitaji kila senti ya fedha za kigeni kununulia nafaka na mafuta. Katika hali hiyo, mtu akiambiwa achague kati ya gunia la ngano na kipuri cha kompyuta iliyokwisha kuvuruga hesabu, jibu halihitaji kikao kirefu. Kuacha kununua kulikuwa na sababu zake.

Kosa lilikuwa mahali pengine, nalo ni hili: mashine ilifungiwa mlango, lakini yale yaliyosababisha makosa hayakufungiwa. Fomu zilizojazwa ovyo ziliendelea kujazwa ovyo. Upungufu wa wahasibu na wataalamu uliendelea, tena ulizidi, kwa maana kijana hawezi kujifunza chombo ambacho hakiruhusiwi kuingia. Wahenga wetu walisema kosa moja haliachi mke. Sisi tulimwacha mke kwa kosa moja, na kosa lenyewe tukabaki nalo ndani ya nyumba.

Marufuku ile ilianza kulegezwa taratibu katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kutapakaa duniani, nayo ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Intaneti ikaingia katikati ya miaka hiyo hiyo. Mwaka 1998 Serikali Kuu ilianza kutumia mfumo wa kompyuta kusimamia malipo na hesabu zake. Kwa maneno mengine, ilichukua takriban robo karne kurudi kwenye kazi ile ile iliyotushinda mwaka 1974. Muda wote huo wenzetu duniani walikuwa wakikosea, wakirekebisha, na kukosea tena kwa namna mpya. Sisi hatukukosea, kwa sababu hatukuwa na cha kukosea nacho. Kumbe kukosea na kurekebisha ndiyo shule yenyewe.

Hapa kwetu Songea kompyuta zilipoanza kuingia katika ofisi na maduka ya steshenari, zilikuta tatizo jingine. Mji wetu kwa miaka mingi haukuwa katika gridi ya taifa. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ulipokatika ulikatika bila kubisha hodi. Mpiga chapa aliyekuwa amefika ukurasa wa kumi na tano wa ripoti ya shule, kama hakuwa amehifadhi kazi yake, alirudi ukurasa wa kwanza. Mwaka 2015 umeme wa maji wa Tulila, mradi wa masista Wabenediktini wa Chipole, ulianza kusaidia. Mwaka 2018 laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikaufikisha mji katika gridi. Hali ilibadilika, lakini kizazi kile cha majenereta kilijifunza desturi moja ambayo shule nyingi hazifundishi: andika aya moja, hifadhi, andika nyingine, hifadhi tena. Hawakuisoma kitabuni. Walifundishwa na giza.

Tukiyachambua makosa ya kila siku ya kompyuta tutaona kwamba mengi yako katika mafungu matatu. Kuna makosa ya kuandika, kuna makosa ya kupoteza, na kuna makosa ya kuamini kupita kiasi. Tuyatazame moja moja.

Kosa la kuandika ndilo kongwe kuliko yote. Katika karne ya 19 Mwingereza Charles Babbage, ambaye alibuni mashine ya kupiga hesabu kabla umeme haujaingia majumbani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1864 kwamba zaidi ya mara moja wabunge walimwuliza kama mashine ile, ikitiliwa tarakimu zisizo sahihi, itatoa majibu sahihi. Alishindwa kabisa kuelewa mawazo ya namna hiyo yanatoka wapi. Lakini swali lile lingalipo. Lipo pale karani anaposema kompyuta imekataa jina, na kusahau kwamba jina liliandikwa na mkono wa mtu.

Katika mkoa wetu jambo la majina ni zito. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na katika vitabu vya ubatizo waliandika majina kama walivyoyajua wao. Mtoto akabatizwa Alois. Alipofika shuleni mwalimu akaandika kama anavyosikia, Aloisi. Alipoajiriwa, karani wa tatu akaandika kwa mtindo wa Kiingereza, Aloyce. Kwa jirani zake wa Mfaranyaki au Lizaboni huyo ni mtu mmoja, baba fulani, wanamjua hata kwa kikohozi. Kwa kompyuta ni watu watatu wasiofahamiana. Kompyuta haina jirani. Inalinganisha herufi kwa herufi, na herufi moja ikipungua inasema hapana.

Zamani karani wa daftari angetazama juu, akamwona mzee, akacheka na kusahihisha kwa kalamu. Leo kosa lile limeunganishwa na mengine. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mwisho wa zoezi lile ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Namba ile ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba aliyeandikiwa mwaka wa kuzaliwa usio wake, kosa limeingia ndani ya namba yenyewe, na namba hiyo ndiyo inayotumika kwenye simu, benki na pasipoti. Kosa la dakika moja mezani huweza kumgharimu mtu miezi ya viapo, mihuri na nauli.

Mkulima naye yumo. Mwaka 2022 Serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea, wakulima walitakiwa kujiandikisha kijijini, habari zao ziingizwe katika mfumo wa kompyuta, kisha wapewe namba ya kununulia mbolea. Mkoa wetu unaishi kwa mahindi, na mvua yetu haisubiri masahihisho. Mkulima ambaye ekari zake zimeandikwa pungufu, au namba yake ya simu imekosewa, anaweza kulijua kosa hilo siku amesimama dukani na mawingu yamekwisha kutanda. Hali kadhalika kwa anayeuza ufuta au soya kwa stakabadhi ghalani na kulipwa kupitia benki. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, fedha hazifiki, na ada ya mtoto shuleni nayo haifiki.

Je, kosa kama hili linazuilika? Wapo waliolifikiria zamani. Hans Peter Luhn, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM ya Marekani, alipata hataza mwaka 1960 kwa ubunifu mdogo wenye manufaa makubwa. Tarakimu ya mwisho ya namba haichaguliwi tu, bali hupatikana kwa kuzijumlisha zile zilizotangulia, nyingine zikiwa zimezidishwa mara mbili. Ukikosea tarakimu moja, hesabu haikubaliani na ile ya mwisho, na mashine hukwambia papo hapo kwamba umekosea. Namba za kadi za benki duniani hutumia njia hiyo hadi leo.

Namba ya simu haina mlinzi wa namna hiyo. Kila namba ni halali, na ukikosea tarakimu moja unampata mtu mwingine kabisa, mzima wa afya. Ndiyo sababu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kilio cha "nimekosea namba" kilianza mara moja. Dawa iliyopatikana ni rahisi. Kabla fedha haijaondoka, jina la mpokeaji linaonyeshwa, na mtumaji anaulizwa kama athibitishe. Lakini dawa hufanya kazi kwa anayeimeza. Wangapi kati yetu hubonyeza kukubali kabla macho hayajafika kwenye jina? Na matapeli wamekwisha kuijua haraka yetu. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" huvua watu wale wale ambao hawasomi jina.

Hapa ni haki tuseme jambo moja kuhusu lugha. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua mtu si onyo. Kwa miaka mingi kompyuta zilituuliza kwa Kiingereza kama tuna hakika tunataka kufuta, na mtumiaji asiyeelewa akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona ili swali limwondokee. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Ni masikitiko kwamba ofisi zetu nyingi ziliendelea na Kiingereza, na hadi leo mtu huulizwa swali la kufuta kazi yake ya mwaka mzima kwa lugha ya kubahatisha.

Fungu la pili ni kosa la kupoteza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe linaweza kupotea bila habari. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni, Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa amejifungua karibuni na kufanyia kazi nyumbani, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake.

Hao walikuwa matajiri wenye wataalamu wa kila aina. Sasa fikiria chama cha msingi chenye kompyuta moja, ambamo madeni na mazao ya wanachama wote yamehifadhiwa. Nakala iko wapi? Aghalabu iko kwenye kompyuta ile ile, au kwenye flashi iliyomo katika droo ya meza ile ile. Radi ikipiga, na radi za Songea tunazijua, asili na nakala huondoka pamoja. Nakala inayolala chumba kimoja na asili yake si nakala. Na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kujaribiwa ni matumaini tu.

Fungu la tatu ndilo la hatari zaidi, nalo ni kuamini kupita kiasi. Wenzetu wa Kenya walilionja Machi 2013 katika uchaguzi mkuu. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi kwa kuishiwa betri. Kisha katika ukumbi wa kutangazia matokeo, kioo kikawa kinaonyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000, na nchi nzima ikaanza kubishana. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha idadi ya kura hizo mara 8. Kosa dogo la mwandishi wa programu lilikaa kwenye kioo na watu waliliamini, kwa sababu lilikuwa kwenye kioo.

Lakini mfano unaotisha kuliko yote unatoka Uingereza. Mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilianza kufunga mfumo wa hesabu uitwao Horizon katika posta zake ndogo. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa posta, watu wa kawaida walioaminiwa na vijiji vyao, walisema hawakuiba. Shirika lilisema kompyuta haikosei. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Ilipofika Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile. Baadhi ya waliosafishwa walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Ndugu msikilizaji, ningeomba kila mwenyekiti wa chama cha msingi, kila mkaguzi, kila mkuu wa idara aifikirie habari hiyo kabla ya kumwita polisi. Upungufu unaoonyeshwa na kompyuta ni sababu ya kuchunguza. Hautoshi kuwa hukumu. Na kinyume chake pia ni kweli, kwamba hesabu iliyolingana kwenye kompyuta si ushahidi wa uaminifu. Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki orodha ya mishahara iliwaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Wote walikuwa wakilipwa kupitia kompyuta, tena kwa usahihi. Kompyuta humlipa aliyeandikwa. Kama yupo au hayupo, hiyo ni kazi ya mwenye macho.

Hapa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Kosa likitokea, tufanye nini na aliyekosa?

Mei 2021 mfumo wa kuuzia umeme wa LUKU ulipata hitilafu, na wananchi nchini kote wakakaa siku kadhaa bila kuweza kununua umeme. Viwanda vidogo vilisimama, samaki wakaharibika kwenye majokofu. Waziri aliagiza maofisa waliohusika na teknolojia ya habari wasimamishwe kazi. Hasira ile ilieleweka, na mwenye dhamana hana budi kuwajibika. Lakini mwananchi aliyekaa gizani alikuwa na haki ya jambo la pili pia, nalo ni kuelezwa kwa lugha nyepesi nini kilivunjika, kwa nini hakukuwa na njia mbadala, na nini kimewekwa ili kisivunjike tena. Mtu anaweza kusimamishwa asubuhi na kasoro ikabaki pale pale jioni, ikimsubiri mrithi wake.

Tena adhabu isiyotofautisha kosa na hila ina madhara ya kimyakimya. Karani akijua kwamba kukiri kumekosewa jina moja ni kuitwa mbele ya kamati, hatakiri. Atanyamaza, aombe lisionekane. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa la Jumatatu likisemwa Jumatatu hurekebishwa kwa dakika tano. Likifichwa hadi kufunga hesabu za mwaka, linakuwa kesi. Anayeiba aadhibiwe kama mwizi. Aliyekosea akasema, apewe asante na afundishwe. Ofisi isiyoweza kuwatenganisha watu hao wawili itabaki na wezi hodari na watu waaminifu wenye hofu.

Yako mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili wala semina. Kwanza, karani anapomaliza kuandika habari za mtu, amgeuzie kioo au amsomee kwa sauti: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, tarakimu moja moja. Mwenye jina ndiye mkaguzi wa bei nafuu kuliko wote, na yupo pale pale. Pili, fedha na mishahara isipitishwe na jicho moja. Tatu, nakala itoke nje ya jengo kila juma, na kila mwezi ifunguliwe kuona kama inafunguka. Nne, na hili ndilo ningependa likumbukwe, kila ofisi iwe na daftari la makosa. Daftari la kawaida, la kalamu. Kiandikwe kilichotokea, tarehe, sababu, na kilichobadilishwa ili kisirudi, bila kuandika jina la aliyekosa. Karani mpya akija aanze kazi kwa kulisoma.

Na sisi wananchi tunayo sehemu yetu. Tusome jina kabla ya kukubali. Tutunze stakabadhi ya karatasi hata kama tumeambiwa imo kwenye mfumo. Tuangalie tahajia ya jina la mtoto siku ile ile cheti kinapotoka, si miaka kumi na minane baadaye. Na tukiambiwa "kompyuta inakataa," tuulize kwa heshima lakini bila kuchoka: inakataa nini, nani anaweza kurekebisha, na lini?

Wengine watasema kuzuia makosa ni kazi isiyo na shukrani. Ni kweli. Kuelekea mwaka 2000 dunia nzima iliogopa kwamba kompyuta zilizokuwa zikiandika mwaka kwa tarakimu mbili tu zingeuona mwaka 2000 kuwa ni 1900. Wataalamu walikesha kwa miaka wakisahihisha programu. Usiku wa Januari mosi ulipopita kwa utulivu, watu walisema kumbe yalikuwa maneno matupu. Hawakutambua kwamba utulivu ule ndio uliokuwa mshahara wa kazi ile.

Kukosea si kosa, hulisema sote, kurudia kosa ndiko kosa. Mwaka 1974 tuliogopa kukosea tukaifungia mashine nje. Leo haitawezekana tena kuifungia, kwani imo mfukoni mwa kila mmoja wetu, na jina la yule mzee wa bahasha limo ndani yake, limekosewa herufi moja. Jumatatu atapanda basi tena. Pale dirishani anahitaji mtu mmoja tu atakayesema: "Mzee, tulikosea sisi. Keti hapa, tulisahihishe."

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.